Zawadi za Krismasi kwa watoto wa nyumba ya malezi: mwongozo kwa jumuiya za Unguja

Jumuiya nyingi za parokia huanza na michango. Kapu linapitishwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, fedha zinapatikana, mchele na sabuni zinanunuliwa, gari linakodiwa, na siku mbili kabla ya safari ndipo mtu anaipigia simu nyumba ya watoto: "Mama, shikamoo, tunaweza kuja Jumamosi?" Mpangilio huo ugeuzwe. Simu iwe ya kwanza, barua ifuate, kisha orodha ya mahitaji, na kapu liwe la mwisho. Mkianza na kapu mtanunua mnachokijua nyinyi, na kila jumuiya inajua vitu vilevile: mchele, sukari, sabuni, biskuti. Disemba stoo ya nyumba inajaa hivyo vinne, na Januari skuli zinapofunguliwa watoto hawana viatu.

Haya yameandikwa kwa ajili ya Unguja, ambako sisi Wakristo tuko wachache na watoto wa nyumba hizi takriban wote ni Waislamu. Aliyezoea kufanya kazi hii Dar au Moshi asidhani atahamisha utaratibu wa kule kama ulivyo.

Oktoba: barua na ruhusa

Andikeni barua mapema, Oktoba au wiki ya kwanza ya Novemba. Iwe na muhuri wa parokia na saini ya padri, isiwe ujumbe wa simu wa katibu wa jumuiya. Kama mnakwenda nyumba ya Serikali, kama ile ya Mazizini, ruhusa inapitia Ustawi wa Jamii, chini ya wizara inayoshughulikia jinsia, wazee na watoto. Kama ni Kijiji cha SOS kilichopo Mombasa (ile Mombasa yetu ya hapa Unguja), wana ofisi yao na utaratibu wao. Kama ni nyumba ndogo ya mtu binafsi au taasisi, ulizeni kwanza imesajiliwa wapi. Sheha wa shehia ile ataijua nyumba, na jibu lake likiwa la kigugumizi, bora mtafute nyumba nyingine.

Barua iwe fupi: nyinyi ni nani, mnatoka parokia gani, mngependa kuchangia nini kwa ujumla, mtakuja watu wangapi, na tarehe mbili za kuchagua. Mwisho wa barua mwombeni mkuu wa nyumba siku ya kukaa na mlezi mmoja kabla hamjakusanya hata senti. Ombi hilo ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyotangulia.

Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya 2011. Ile ya 2009 ni ya Bara. Nalisema kwa sababu huwa tunanakili fomu za parokia za Dar es Salaam, na mkuu wa nyumba akiona barua imetaja sheria isiyo ya huku anajua hamkuuliza mtu.

Kikao na mlezi

Watume watu wawili tu, na mmoja awe mwanamke mtu mzima. Waende asubuhi, baada ya watoto kunywa chai. Wasibebe kitu chochote mkononi, kwani mgeni mwenye zawadi haambiwi ukweli.

Waulize mambo matatu. Kipi kimejaa stoo? Kipi kinaisha kabla ya mwezi kwisha? Kipi kitatakiwa skuli zikifunguliwa? La kwanza watu hulisahau, nalo ndilo linalookoa fedha. Mlezi mmoja aliwahi kutujibu, akicheka: "Biskuti zipo mpaka Pasaka yenu. Mashuka ndiyo hatuna." Kwenye kapu letu la mwaka ule hakuna ambaye angefikiria mashuka.

Vitu ambavyo walezi hutaja na sisi hatuvikumbuki ni nguo za ndani mpya kwa saizi zote, taulo za kike za kutosha miezi kadhaa, vyandarua, mashuka, dawa ya upele iliyoandikwa na daktari wao, balbu, ndoo zenye mfuniko, na nauli ya kumpeleka mtoto kliniki. Kwa watoto wachanga msinunue maziwa ya kopo kwa kukisia. Mtoto aliyezoea aina moja akibadilishiwa ghafla tumbo linaweza kumsumbua, kwa hiyo ulizeni jina lililoandikwa kwenye kopo wanalotumia, mnunue lilelile au msinunue kabisa.

Mkiruhusiwa, waulizeni na wakubwa wenyewe. Mtoto wa miaka kumi na tatu anajua anachotaka, na mara nyingi ni kitu kidogo ambacho mlezi hakukitaja: saa ya mkononi, mkoba usio na picha ya kitoto, sidiria inayomtosha, mpira wa miguu ambao hautapasuka wiki ya kwanza.

Kuchukua vipimo

Hapa msiharakishe. Viatu vya zawadi ndivyo vinavyoharibika kwa wingi kuliko kitu kingine, maana mnunuzi huuliza umri wa mtoto, na umri hausemi lolote kuhusu mguu.

Chukueni boksi la karatasi ngumu, mkasi na kalamu ya risasi. Fanyeni jioni, watoto wakiwa wametoka kucheza, kwa sababu mguu wa jioni ni mkubwa kidogo kuliko wa asubuhi. Mtoto asimame wima juu ya boksi, uzito kwenye miguu yote miwili. Asikae kitini. Tia alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, ambacho kwa watoto wengine ni cha pili wala si gumba. Pima miguu yote miwili na ushike ulio mrefu. Kata kipande chembamba cha boksi chenye urefu huo, na mbele uongeze upana wa kidole chako cha shahada, maana mtoto anakua na kiatu kinatakiwa kifike angalau Juni. Andika nambari ya mtoto kwenye kipande, usiandike jina. Dukani, kitie ndani ya kiatu mpaka kiguse kisigino. Kikijikunja, kiatu ni kidogo, hata kama muuzaji ataapa kwamba ngozi itanyooka.

Nguo ni rahisi zaidi. Mlezi atoe shati au gauni moja linalomkaa mtoto vizuri sasa, mpime mabega na urefu kwa tepu ya fundi, muandike.

Nambari ni jambo la msingi. Mlezi abaki na daftari lenye majina, nyinyi muwe na orodha ya nambari tu, pamoja na jinsia, umri na vipimo. Nani ni yatima, nani aliokotwa, nani mama yake yuko jela, hayo hayawahusu, na yakishaingia kwenye kikundi cha simu cha jumuiya hayatoki tena.

Watoto ni Waislamu, na wabaki hivyo

Yapo mambo ambayo wenzangu wengine hawapendi kuyasikia. Kanisa katika kisiwa hiki lina historia ya kulea watoto, na historia hiyo haijasahauliwa. Baada ya Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Waanglikana wa Uingereza, kufika Unguja mwaka 1864, watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa waliwekwa Kiungani wavulana na Mbweni wasichana, wakasomeshwa, wakabatizwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu nao walifanya hivyo hapa mjini kabla ya kuhamia Bagamoyo mwaka 1868. Watoto wale walipata maisha, hilo halina ubishi. Lakini mama wa Kizanzibari anapoona kundi la kanisa likiingia kwenye nyumba ya mayatima na mabegi, ana haki ya kuuliza limekuja kufanya nini, na jibu lenu liwe safi.

Kwa hiyo hakuna mahubiri. Hakuna tenzi za Noeli, hata kama kwaya imefanya mazoezi tangu Septemba. Hakuna kadi zenye aya za Biblia, wala vitabu vya hadithi za Yesu vilivyofichwa katikati ya madaftari. Atakayesema tunaficha imani yetu, mwambieni kwamba imani yetu ndiyo iliyotuleta pale na yatosha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 20, unataka malezi ya mtoto asiye na familia yazingatie dini na utamaduni aliokulia, na kafala ya Kiislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha ukoo, umeitaja kwa jina.

Nguo nazo zifuate nyumba. Wasichana wapelekewe magauni marefu au madera, na mtandio juu yake. Suruali za kubana na vigauni vya mitumba vya mabega wazi vibaki sokoni Darajani. Wavulana wanafurahia kanzu na kofia kuliko tunavyodhani, hasa wakijua watavaa Idd.

Pengine kuna mtoto Mkristo mmoja au wawili. Huyo msimtafute wenyewe. Mlezi akipenda atawaambia, na mtapanga naye kwa maandishi jinsi ya kumpeleka misa ya Krismasi na kumrudisha.

Majilio: kukusanya

Orodha ikishapatikana, ndipo kapu lipite. Njia inayofaa kwa jumuiya za hapa ni mti. Mvinje wa kanisani ukishasimamishwa mapema Majilio, ning'inizeni vipande vya karatasi, kila kimoja na kitu kimoja: "Nambari 14, mvulana, miaka 9, viatu vyeusi vya skuli, kipande cha kipimo kipo kwa katibu." Mtu anachukua karatasi, anaandika jina lake kwenye daftari la mhazini, na anarudisha kitu pamoja na karatasi ileile. Karatasi zilizobaki mtini Jumapili ya tatu zinanunuliwa kwa fedha za kapu. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ni tarehe 13 Disemba. Msisogeze mbele, hata wanajumuiya wakiomba wiki moja zaidi, kwa sababu wiki inayofuata mtaa wa maduka wa Mchangani haupitiki.

Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha parokia, wapeni kazi yao: madaftari, kalamu, rula. Mtoto anayetoa shilingi mia tano zake kwa kalamu ya mwenzake anajifunza kitu ambacho mahubiri hayamfundishi. Lakini wasiambiwe habari za kusikitisha ili watoe.

Nguo zilizovaliwa zinapokelewa kwa masharti. Anayeleta aifue, aipige pasi, afunge vifungo vyote, kisha ajiulize kama angemvisha mwanawe siku ya sikukuu. Nguo za ndani zilizovaliwa hazipokelewi hata kidogo. Kila mwaka kuna anayeleta gunia la vitu alivyokusudia kutupa. Katibu awe na ujasiri wa kulirudisha palepale mlangoni, kwa adabu, maana akilipokea atabaki nalo nyumbani kwake.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya parokia au kwenye simu ya mhazini mmoja anayejulikana. Mmoja ashike fedha na mwingine ashike daftari. Jumla isomwe kila Jumapili wakati wa matangazo, hata ikiwa ni ndogo.

Kununua

Darajani, Mchangani na Mlandege ndiko bei zilipo, na jumla ni nafuu kuliko rejareja hata kwa viatu kumi na mbili tu, mradi muende na mtu anayejua kupatana. Nendeni siku ya kazi asubuhi. Omba stakabadhi kila duka, hata kama muuzaji ataiandika kwenye karatasi ya daftari.

Sare za skuli zina mambo yake. Rangi na mshono wa skuli moja si wa nyingine, na ushungi wa msichana una urefu wake. Njia salama ni kumlipa fundi ambaye nyumba inamtumia siku zote. Yeye ana vipimo, na makosa anayarekebisha mwenyewe.

Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo mwaka 2019, kwa hiyo zawadi zifungwe kwenye mikoba ya kitambaa au maboksi. Mkoba wa skuli wenyewe unaweza kuwa ndio kifungashio: tia ndani madaftari, viatu, nguo na sabuni, funga nambari kwenye mkono wa mkoba. Matunda yapelekeni kwenye pakacha. Disemba ni msimu wa embe, na pakacha mbili za embe zinaleta shangwe kuliko keki.

Chakula

Ushauri wangu ni huu: pelekeni vitu vibichi, mpishi wa nyumba apike. Yeye anajua nani hali pilipili na nani ana mzio wa samaki. Pia kuna suala la sufuria. Sufuria za ukumbi wa parokia zimewahi kupikiwa nguruwe, kila mtu anajua, na hakuna kuosha kutakakomtuliza mlezi. Msizibebe.

Nyama nunueni sokoni Darajani, ambako inachinjwa kwa taratibu za Kiislamu, na mchinjaji msitoke naye kanisani. Kuku wa barafu wa kutoka nje aangaliwe alama ya halali kwenye pakiti. Keki ya matunda ya Krismasi ambayo zabibu zake zimelowekwa kwenye pombe haifai, na peremende laini za kutafuna zisomwe kama zina jelatini, ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe.

Kwa pilau, kilo moja ya mchele huwatosha watu saba au wanane. Watoto na walezi wakiwa sitini, kilo nane au tisa zinatosha, na nyama ikikaribia uzito huohuo itakuwa sikukuu kweli. Mchele wa Mbeya kwa siku ile, polo la mapembe, ule mchele wa kutoka nje, kwa stoo kama mlezi alilitaja.

Siku yenyewe

Si lazima iwe tarehe 25. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, na Ijumaa mchana wavulana wanakwenda msikitini, kwa hiyo siku hiyo iacheni. Jumatatu ya tarehe 28, Kanisa linapowakumbuka Watoto Mashahidi wa Bethlehemu, ni siku nzuri, na kwa wakati huo wageni wengi wa Krismasi wameshapita. Fikeni saa nne asubuhi, muondoke kabla ya watoto kwenda chuoni (madrasa) alasiri.

Nendeni wachache. Watu kumi au kumi na wawili wanatosha kwa nyumba yenye watoto hamsini, na wawe watu wanaoweza kucheza mdako na kuruka kamba bila kuona haya. Vaeni kwa staha, akina mama wajifunike, viatu vivuliwe mlangoni. Salamu iwe ya kawaida: shikamoo kwa walezi, na mtoto akikuamkia muitikie marahaba kisha umuulize habari za michezo. Usimuulize wazazi wake wako wapi. Mtoto mdogo akikushika mkono, umshike, lakini usimuahidi kwamba utarudi kesho kama hutarudi.

Zawadi zikabidhiwe kwa mkuu wa nyumba pamoja na orodha, basi. Ule mtindo wa kumwita mtoto mmoja mmoja mbele ya kamera, padri upande huu na mwenyekiti upande ule, mtoto katikati ameshika mkoba kama mahabusu na kibao chake, tuuache. Walezi watawagawia jioni kwa majina, kila mmoja kitandani kwake, na asiyetoshwa na kiatu atalia bila hadhira. Katika vijiji kama SOS, ambako kila nyumba ina mama yake, mikoba ya nyumba moja ikabidhiwe kwa mama huyo.

Picha piga za maboksi, za pakacha, za mikono ikimenya vitunguu. Sura ya mtoto isipigwe, hata akikuomba, labda mkuu wa nyumba awe ameruhusu kwa maandishi. Mfadhili anayedai picha za watoto ili atoe mwakani, mtumieni stakabadhi.

Wanaokwenda Pemba wanunue Unguja viatu na mikoba, maana uchaguzi ni mpana zaidi, lakini chakula wanunue Chake Chake, kwa kuwa gharama za mizigo melini zitakula faida yote. Watenge siku moja ya ziada. Bahari ikichafuka, meli haiangalii ratiba yenu.

Baada ya sikukuu

Wiki moja baadaye mhazini asome hesabu kanisani: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki. Kibaki kitu. Theluthi moja ya fedha taslimu itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya miezi ambayo hakuna anayekuja. Katikati ya Januari mpigieni mlezi mmuulize viatu vimewakaa vipi na skuli zinadai nini zaidi, kwa sababu kuna mchango wa mtihani, kuna vitabu, kuna mtoto aliyehamishiwa dakhalia na hana godoro.

Kisha inakuja Ramadhani, ambayo mwaka 2027 inatarajiwa kuandama wiki ya pili ya Februari. Nyumba inahitaji tende, unga wa ngano, nazi, mihogo na sukari ya futari kwa mwezi mzima, na hapo ndipo ile theluthi inapofanya kazi. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo Krismasi ya 2031 na ya 2032 zitaangukia ndani yake, na pilau yetu ya mchana itabidi iwe futari ya magharibi. Waandikieni makatibu watakaokuja.

Nguo za Idd, kama mtazigharimia, zisingoje kumi la mwisho. Vitambaa vimfikie fundi kabla ya mfungo kuanza, maana mafundi wa mjini huacha kupokea kazi mapema, na atakayekubali kuchelewa atawatoza bei ya haraka.